Kadi mpya, kiwambo giza: Chunguza haya kabla ya kurudi dukani

MTU hujinyima kwa miezi mingi, akaweka akiba shilingi kwa shilingi, hatimaye akafika Luthuli Avenue jijini Nairobi na kununua kadi ya michoro ya kutia katika tarakilishi yake. Akifika nyumbani anaipachika, anabonyeza kitufe, feni zinavuma na taa zinawaka. Kiwambo lakini kinabaki cheusi tititi.

Wengi hukata kauli papo hapo kwamba wameuziwa kitu kibovu. Aghalabu sivyo. Mara nyingi kadi yenyewe ni nzima, na kilicholeta giza ni waya uliochomekwa pasipo pake, umeme usiotosha, ama mipangilio ya mashine ambayo haijapata habari kwamba kuna mgeni ndani.

Pupa nayo ina gharama. Anayechomeka plagi kwa kubahatisha anaweza kuunguza kadi nzima na bodi mama pamoja nayo, kisha akose hata waranti, kwa maana hakuna muuzaji anayekubali kurudishiwa kitu chenye alama ya moto. Ndiyo maana utaratibu wa uchunguzi ni muhimu kuliko wingi wa vifaa alivyo navyo fundi.

Kadi ya michoro ni kijitarakilishi ndani ya tarakilishi. Ina chipu yake ya kukokotoa picha, kumbukumbu yake, feni zake na matundu yake ya kuunganisha kiwambo. Hukaa katika sloti ndefu ya bodi mama iitwayo PCI Express, ambayo kadi zake zilianza kuingia madukani mwaka wa 2004 na kuisukuma kando sloti ya zamani ya AGP.

Waya pasipo pake

Prosesa nyingi zina uwezo mdogo wa michoro ndani yake, na kwa sababu hiyo bodi mama huwa na tundu la HDMI ama VGA upande wa nyuma, karibu na matundu ya kibodi na intaneti. Kabla ya kadi kununuliwa, waya wa kiwambo ulikuwa humo. Baada ya kadi kuwekwa, mwenye mashine huurudisha kwa mazoea mle mle ulimokuwa.

Hilo ndilo kosa linaloongoza, na halimchagui mjuzi wala mwanagenzi. Tarakilishi nyingi zikitambua kwamba kadi imewekwa huzima michoro ya prosesa, kwa hivyo tundu la bodi mama halitoi chochote. Waya unafaa kuhamishiwa katika matundu ya kadi, ambayo aghalabu hulala chini zaidi na kuelekea upande tofauti na yale ya bodi.

Zipo prosesa zisizo na michoro kabisa. Za Intel ambazo majina yake huishia kwa herufi F, zilizoanza kuuzwa mwaka wa 2019, ni za aina hiyo. Vivyo hivyo Ryzen nyingi za AMD zilizotangulia mfululizo wa 7000 wa mwaka wa 2022, isipokuwa zile ambazo majina yake yana herufi G. Mwenye prosesa kama hizo hata achomeke waya katika bodi mama mpaka kesho hataona kitu, kadi iwe nzima au mbovu.

Baada ya hapo ni zamu ya kiwambo chenyewe. Viwambo vyenye matundu kadhaa havichagui vyenyewe kila mara. Ikiwa awali kilikuwa kikitumia VGA na sasa waya ni wa HDMI, sharti kitufe cha kiwambo kibonyezwe ili kibadilishe mkondo. Kadi mpya pia huja na vifuniko vya plastiki katika matundu yake, na kuna watu waliosukuma plagi dhidi ya kifuniko wakidhani tundu ni gumu tu.

Nchini Kenya viwambo vya zamani vyenye VGA pekee vingali vingi, na hapa ndipo pesa huzidi kupotea. VGA hubeba mawimbi ya analogia ilhali kadi za kisasa hutoa tarakimu pekee. AMD iliacha analogia katika kadi zake za kifahari kuanzia R9 290 ya mwaka wa 2013, na NVIDIA ikafuata kwa mfululizo wa GTX 10 mwaka wa 2016.

Kwa sababu hiyo, kile kijiadapta cha bei ya chini kinachogeuza umbo la plagi ya DVI kuwa VGA hakina faida yoyote katika kadi hizo. Kinachohitajika ni adapta yenye chipu ndani yake ya kutafsiri mawimbi. Mwelekeo pia ni muhimu. Waya wa kutoa DisplayPort ya kadi kwenda HDMI ya kiwambo hufanya kazi bila taabu, lakini ukigeuzwa, HDMI ya kadi kwenda DisplayPort ya kiwambo, hautoi picha hata kama plagi zinaingia vizuri. Safari hiyo ya pili inataka adapta maalum, ambayo kwa kawaida huhitaji umeme wake yenyewe.

Umeme hautoshi

Ikiwa nyaya zote ziko mahali pake na giza halijaondoka, macho yaelekezwe kwa kisanduku cha kugawa umeme, yaani pawa saplai. Hapa ndipo penye uzito wa suala zima, na ndipo penye hatari.

Sloti ya PCI Express haiwezi kuipa kadi zaidi ya wati 75. Kadi inayohitaji zaidi huwa na tundu la ziada mgongoni au ubavuni: lenye pini sita huongeza wati 75 nyingine, na lenye pini nane huongeza wati 150. Kadi ndogo kama GT 1030 ya mwaka wa 2017, inayotumia wati 30, na GTX 1650 nyingi za mwaka wa 2019, zenye kutumia wati 75, huridhika na sloti pekee. RX 580 ya mwaka wa 2017 hula wati 185 na haiwezi kuamka bila plagi yake.

Plagi hiyo ikisahauliwa, kadi hutenda kwa namna mbalimbali. Baadhi ya kadi za NVIDIA huonyesha ujumbe kwenye kiwambo zikimtaka mwenyewe azime mashine na kuunganisha waya wa umeme. Nyingine huwasha kitaa chekundu kando ya tundu. Zilizobaki hunyamaza tu, huku feni zikizunguka na kumpumbaza mwenyewe aamini kwamba umeme upo wa kutosha.

Feni kuzunguka si ushahidi wa uzima, na feni kutulia si ushahidi wa kifo. Kadi nyingi za siku hizi huacha feni zimesimama mpaka joto la chipu lipande vya kutosha, kwa kawaida kati ya nyuzijoto 50 na 60. Mtu akiiona haizunguki dakika ya kwanza asikimbilie kuihukumu.

Tatizo la umeme huwaandama hasa wanunuzi wa tarakilishi zilizotumika ng'ambo, maarufu kwa Wakenya kama ex-UK. Mashine hizi za ofisini, Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre, ni imara na bei yake ni nafuu, ndiyo maana vijana wengi wapenda michezo ya kompyuta na wahariri wa video huanza nazo. Ziliundwa hata hivyo kwa kazi za karani, si kwa kadi zenye ulafi.

Mathalani, OptiPlex 7010 ya mwaka wa 2012 yenye umbo la mnara ina pawa saplai ya wati 275, na ndugu yake mwembamba ana wati 240 tu. Prosesa ya Core i5-3470 inayopatikana ndani ya nyingi kati yake imekadiriwa kutumia wati 77. Ukijumlisha wati 185 za RX 580 unapata 262, kabla ya kuhesabu diski, kumbukumbu, feni na bodi mama yenyewe. AMD inapendekeza pawa saplai ya wati 500 kwa kadi hiyo. Zaidi ya yote, pawa saplai ya mashine hiyo haina hata waya mmoja wenye plagi ya pini sita au nane.

Hapo ndipo vishawishi huanza. Madukani kuna adapta zinazochukua umeme kutoka plagi ya diski, ile bapa ya SATA, na kuugeuza kuwa plagi ya kadi. Plagi moja ya SATA imeundwa kubeba takriban wati 54 kwa upande wa volti 12. Kuitaka ibebe wati 75, sembuse 150, ni kutafuta moto, na plastiki yake huyeyuka polepole bila kutoa onyo. Anayelazimika kabisa kutumia mashine hizi ni heri achague kadi isiyotaka plagi, na kwa umbo jembamba, kadi fupi yenye kibao kifupi cha nyuma.

Kuna mtego mwingine ulio mbaya zaidi. Plagi ya pini nane ya kadi na plagi ya pini nane ya prosesa hufanana kama shilingi kwa ya pili kwa mtazamaji wa haraka, lakini mpangilio wa volti 12 na ardhi ndani yake ni kinyume. Plagi ya kadi kwa kawaida hugawanyika sita na mbili, ya prosesa nne na nne. Umbo la pini hukataa kuingia pasipofaa, na hilo ndilo onyo lenyewe: plagi inayohitaji kusukumwa kwa nguvu si mahali pake.

Wenye pawa saplai ambazo nyaya zake huchomoka pande zote mbili wasichanganye nyaya za kampuni moja na za nyingine. Upande wa kadi umesanifishwa, ila upande wa kisanduku kila mtengenezaji hupanga pini apendavyo. Waya wa mkopo kutoka kwa jirani unaweza kuingia vizuri kabisa na kuua kila kitu kwa sekunde moja.

Kadi za bei ya juu za miaka ya karibuni zina plagi ndogo ya pini 16 inayoweza kupitisha hadi wati 600. Ilipoanza kutumika kwa RTX 4090 mnamo Oktoba 2022, haikuchukua muda kabla ya baadhi ya wamiliki kuonyesha plagi zilizoyeyuka. Novemba mwaka huo NVIDIA ilisema kwamba jambo lililojirudia katika visa ilivyochunguza ni plagi ambazo hazikuwa zimesukumwa hadi mwisho.

Toleo lililorekebishwa la mwaka wa 2023 lilifupisha pini nne ndogo za kuhisi, ili plagi isipoingia sawasawa kadi isipate ruhusa ya kuvuta umeme. Kwa maneno mengine, kwa kadi hizo giza linaweza kuwa ulinzi unaofanya kazi yake. Plagi isukumwe mpaka isiwepo nafasi kati yake na tundu, na waya usikunjwe kwa ukali karibu na plagi.

Kuketi sawasawa

Kabla ya kugusa chochote ndani, mashine izimwe, waya wa ukutani uchomolewe, na kitufe cha kuwasha kibonyezwe kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Mkono uguse chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli, ambao hauonekani wala hausikiki lakini huweza kudhuru chipu.

Kadi huchomekwa katika sloti ndefu iliyo karibu zaidi na prosesa. Sloti nyingine za chini zinaweza kufanana nayo kwa urefu, ila nyingi zina njia chache za data. Kadi isukumwe pande zote mbili hadi kilango kidogo cha mwisho wa sloti kitoe mlio wa kufunga. Pindi skrubu ya nyuma inapokazwa, kadi iangaliwe tena, kwani kasha lililopinda huweza kuinua upande mmoja wakati wa kukaza bisibisi. Upungufu wa milimita moja watosha kuleta giza.

Wakati wa kusukumana na kadi kubwa, kiganja hugonga vipande vya kumbukumbu vilivyo jirani na kuvilegeza. Tarakilishi isiyoona kumbukumbu haitoi picha, na lawama huiangukia kadi isiyo na hatia. Vipande hivyo vichomolewe na kurudishwa.

Kwa mashine mpya zenye kumbukumbu za DDR5, hasa za AMD, subira ni dawa. Zikiwashwa mara ya kwanza, ama baada ya mipangilio kufutwa, hutumia dakika kadhaa kuipima kumbukumbu huku kiwambo kikiwa kitupu. Anayezima kwa hasira dakika ya kwanza huanzisha kazi hiyo upya kila mara.

Lugha ya BIOS

Programu ndogo ya BIOS, iliyohifadhiwa katika bodi mama, ndiyo huamka kabla ya Windows na kuamua ni nani atoe picha. Mashine nyingi huamua vyema bila kuambiwa. Nyingine zimefungwa na mtu wa awali zitumie michoro ya prosesa pekee, jambo la kawaida kwa mashine zilizotoka ofisini.

Katika hali hiyo, kadi ichomolewe, waya urudishwe katika bodi mama, mashine iwashwe na mipangilio ifunguliwe. Sehemu inayouliza ni michoro ipi itangulie ibadilishwe kutoka IGFX, yaani ya prosesa, hadi PEG ama PCIe, kisha kadi irudishwe. Asiyeweza kuona chochote anaweza kufuta mipangilio yote kwa kuitoa betri ya bodi mama, ile ya umbo la sarafu aina ya CR2032, kwa dakika chache huku waya wa ukutani ukiwa umechomolewa.

Kuna pia suala la vizazi kutoelewana. Tangu Windows 8 itoke mwaka wa 2012, mashine zilihamia mfumo wa UEFI badala ya BIOS ya kale. Kadi nyingi za kabla ya hapo hazizungumzi lugha ya UEFI, hivyo zikitiwa katika mashine mpya iliyozima utangamano wa zamani, uitwao CSM, hazitoi picha. Kadi mpya katika mashine kuukuu nayo wakati mwingine hukataa mpaka BIOS ya bodi mama ipandishwe kiwango.

Kupandisha BIOS si kazi ya kufanywa stima inapopepesuka. Umeme ukikatika katikati ya shughuli hiyo bodi mama inaweza kugeuka kipande cha chuma. UPS yenye betri nzima ni ya lazima.

Hata kampuni zenyewe zimewahi kukiri mapungufu ya aina hii. Mwaka wa 2018 NVIDIA ilitoa programu ya kurekebisha kadi zake za vizazi vya Maxwell na Pascal zilizokuwa zikibaki giza kwenye viwambo vya DisplayPort 1.3 na 1.4 hadi Windows ifunguke. Mwaka wa 2025 ikatoa nyingine kwa RTX 5060 na 5060 Ti, ambazo zilikuwa zikikosa picha katika baadhi ya bodi mama mashine inapowashwa upya. Mwenye kadi hizo na waya wa DisplayPort afanye jaribio la HDMI kwanza.

Wanaotumia kebo ya kurefusha sloti ili kadi isimame wima wana kisa chao. Kebo iliyoundwa kwa PCI Express ya kizazi cha tatu huvurugika kadi na bodi zinapokubaliana kuzungumza kwa kasi ya kizazi cha nne. Kadi iwekwe moja kwa moja katika sloti. Picha ikirudi, mkosaji amejulikana, na mipangilio ya kasi ishushwe hadi kizazi cha tatu.

Mashine yenyewe hujaribu kusema. Bodi mama nyingi mpya zina vitaa vinne vidogo, na kile chenye maandishi ya VGA kikibaki kinawaka maana yake ni kwamba uchunguzi wa mwanzo umekwama kwenye kadi. Zile za zamani hutumia milio. Kwa BIOS ya Award, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi huashiria hitilafu ya kadi. Kwa AMI, milio minane mifupi huelekeza kwenye kumbukumbu ya kadi. Na OptiPlex nyingi za miaka ya 2010 hulia mara sita. Bodi isiyo na kijispika haiwezi kulia, na kijispika hicho hakigharimu pesa nyingi.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni kile cha kubadilishana. Kadi ichomolewe, mashine ikitoa picha kupitia prosesa, basi bodi, kumbukumbu na prosesa ni wazima. Kadi ipelekwe katika mashine ya rafiki yenye pawa saplai kubwa. Ikionyesha picha huko, hakuna haja ya kumsumbua muuzaji, tatizo limebaki nyumbani.

Iwapo picha huonekana mwanzoni kisha hutoweka Windows inapofunguka, kadi na umeme si wa kulaumiwa kwanza, bali draiva. Mabaki ya draiva za kadi ya zamani hupigana na mpya. Mashine ifunguliwe katika hali salama, draiva zote za michoro ziondolewe, programu iitwayo Display Driver Uninstaller ikiwa mashuhuri kwa kazi hiyo, kisha mpya iwekwe kutoka tovuti ya mtengenezaji. Mwanzoni mwa 2025 wamiliki wa RTX 50 walikumbwa na viwambo vyeusi vilivyotokana na draiva, na NVIDIA ikalazimika kutoa matoleo kadhaa ya marekebisho.

Bandia na zilizochoshwa

Neno jipya lina maana nyingi sokoni. Ethereum ilipoacha mtindo wa uchimbaji wa sarafu kwa kadi za michoro mnamo Septemba 15, 2022, kadi chungu nzima zilizokuwa zimefanya kazi usiku na mchana ziliingia katika soko la mitumba duniani. Si zote mbovu. Baadhi hata hivyo zilibadilishwa programu yake ya ndani ili zichimbe kwa ufanisi, na programu hiyo huweza kukosana na tarakilishi ya kawaida. Kadi kadhaa za AMD zina kiswichi kidogo cha kuchagua programu ya pili, na kukisogeza mashine ikiwa imezimwa kumefufua nyingi.

Kuna hata kadi zilizozaliwa bila uwezo wa kuonyesha picha. P106-100 ya NVIDIA, iliyotengenezwa mwaka wa 2017 kwa uchimbaji pekee, ina chipu ya GTX 1060 lakini haina tundu la kiwambo. Anayeuziwa hiyo kwa bei ya kutupa hatapata picha kwa kuiunganisha moja kwa moja.

Nazo za bandia ni chipu za kale, kama vile GTS 450 ya mwaka wa 2010, zilizoandikwa upya zijiite GTX 1050 Ti. Kadi hizo hukwama hasa draiva halisi inapowekwa. Dalili mojawapo iko wazi kwa macho: kizazi halisi cha 1050 Ti hakitoi analogia, kwa hivyo kadi yenye jina hilo na tundu la VGA inafaa kutiliwa shaka. Programu ya bure ya GPU-Z imekuwa ikizitambua tangu 2018 na kuziweka alama ya ubandia kando ya jina.

Haki ya mnunuzi

Ikithibitika kwamba kadi imekufa, mnunuzi hana sababu ya kurudi dukani akinyenyekea. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 kinampa haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, habari za kumwezesha kufaidika nazo, na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji wa Bidhaa ya mwaka wa 2012 ilikuja kuipa haki hiyo mwili. Bango la ukutani lisemalo kwamba mali iliyouzwa hairudishwi halifuti Katiba, na malalamiko yanaweza kufikishwa kwa Mamlaka ya Ushindani.

Ushahidi hata hivyo ni mzigo wa mnunuzi. Risiti iwe na jina kamili la kadi na nambari yake ya usajili, ile iliyobandikwa mgongoni, maana risiti iliyoandikwa tu "kadi ya kompyuta" haisaidii mbele ya mtu yeyote. Kasha, povu na vifuniko vya matundu vihifadhiwe. Kibandiko kilichofunika skrubu ya kipoza joto kisichanwe kwa udadisi.

Lililo rahisi zaidi hufanyika kabla ya pesa kutoka mfukoni. Maduka mengi yana mashine ya majaribio, na muuzaji akiombwa huipachika kadi mbele ya mnunuzi, akafungua GPU-Z na kuiendesha kwa dakika 10 hivi. Wanaoishi mbali na Nairobi na kuagiziwa kadi kwa basi huomba jaribio hilo lirekodiwe kwa simu, nambari ya kadi ikionekana, kabla ya kifurushi kufungwa.